Kompyuta Yenye Karatasi Nyekundu

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe ishirini na saba ya mwezi wa sita, mchana baada ya chakula. Naitaja tarehe kwa sababu wapo watakaosema ninasingizia.

Asubuhi ya siku hiyo nyumba yangu ilikuwa na amani. Mke wangu alikuwa ameshafuta meza ya sebuleni, akafuta tena, akasogeza kiti chake na kukaa ajaribu kama urefu unamtosha. Redio ilikuwa inaimba jikoni. Mimi nilikuwa napiga pasi shati la kuagwa, maana siku hiyo ndiyo kiwanda cha sabuni kilikuwa kinanistaafisha.

"Baba watoto," akaniambia, "ukirudi nayo usiiweke chini. Njoo nayo moja kwa moja hapa."

Alikuwa anaisema kompyuta. Nanyi ndugu zangu mnaosoma, nisikilizeni vizuri, maana mkosi ulioingia kwangu unaweza kupiga hodi kwenu kesho.

Mke wangu alikuwa na presha ya macho. Daktari alitueleza bila kuficha kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi, na uliobaki unakwenda. Binti yetu wa pekee yuko nchi ya mbali, anauguza wazee wa watu, na huko huko alijifungua mtoto ambaye hatujawahi kumshika. Likizo wanamnyima. Kwenye simu yangu uso wake ulikuwa mdogo kama kifungo cha shati. Mama yake akiusogeza mpaka uguse pua, anaona ukungu. Picha ya kuchapisha tuliijaribu, akanirudishia. "Hainigeukii nikiiita," alisema. Alitaka kitu kimoja tu kabla giza halijafunga: amwone mwanawe anaongea kwenye kioo kikubwa, na yule mjukuu amwone anacheka.

Tulikwenda dukani wenyewe. Muuzaji, dada mmoja mpole, aliuliza kwanza swali la maana: mnaitakia nini? Tukamweleza. Akatuonyesha kompyuta ya mezani ya kawaida kabisa, kioo kipana, kamera juu yake, spika humo humo ndani, na intaneti inaipokea yenyewe bila waya. Akasema kwa mambo ya nyumbani, kuandika barua, kutazama picha, kuongea na watu, hiyo inatosha na kubaki. Mke wangu akasogea, akasoma herufi moja moja kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu macho yaanze.

"Ndiyo hii," akasema.

Sasa, kiwanda kina desturi ya kumuaga mstaafu kwa zawadi, na zawadi huichagua ofisi. Nikaenda kwa ofisa utumishi, ambaye sisi wa kwenye matangi tunamwita Bwana Suti, kwa kuwa hata akishuka kwenye sabuni ya moto koti halivui. Anavuja jasho kama naye anachemshwa. Nikamweleza hali ya mke wangu, na kompyuta tuliyoiona. Akatabasamu.

"Mzee wangu, hiyo ni ya watoto wa chekechea. Mtu aliyetumika kama wewe tumuage kwa kitu kama kile? Watu watatuonaje? Tuachie sisi, utafurahi mwenyewe."

Basi Ijumaa hiyo niliyoitaja, mbele ya wafanyakazi wote, likafunuliwa sanduku la kompyuta, na kando yake kioo cha kutazamia. Ubavu wa kioo, ndani feni zinawaka taa za kijani, nyekundu na zambarau kama ukumbi wa harusi. Watu wakapiga makofi. Bwana Suti akapigwa picha ameliegemea. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza nianze kabisa kuuza tiketi mlangoni kwangu. Nikacheka na wengine. Sikujua kama ndani ya mataa yote yale hamna spika, hamna kamera, na intaneti haliipokei wala halina habari nayo. Lilikuwa la watu wanaocheza michezo ya vita. Halikuwa la mama anayemtafuta mwanawe.

Gari la kiwanda likalileta nyumbani. Kwenye waya wa umeme wamefunga karatasi nyekundu.

Hapa niwaeleze wasiojua. Kiwandani kwetu mashine ikifungwa karatasi nyekundu haiguswi. Anayeifungua ni yule yule aliyeifunga, hata meneja haruhusiwi. Kuna mwenzetu aliwahi kuitoa akidhani mambo tayari, na ule mkono mpaka leo anauficha mfukoni. Nimelala na kuamka na sheria hiyo tangu ndevu hazijaota.

Mama watoto akalipapasa sanduku, akapapasa kioo chake, akauliza kamera iko wapi. Nikapiga simu ofisini. Wakasema vilivyopungua ataleta mtaalamu wao, tusubiri. Tukasubiri. Nikaenda mwenyewe mpaka getini. Mtaalamu amesafiri. Nikarudi siku nyingine, mtaalamu yuko kwenye mkutano. Nikarudi tena, na yule mlinzi niliyekunywa naye chai miaka nenda miaka rudi akanidai kitambulisho.

Jirani yetu mwenye saluni akaja kuona. Akachungulia nyuma ya sanduku, akasema hayo mambo madogo. Spika na kamera atatuazima za saluni kwake, na cha kupokelea intaneti ni kidude cha kuchomeka, kiduchu kama ukucha. Akanyoosha mkono aifungue ile karatasi. Nikamshika mkono.

"Shemeji vipi?" akasema. "Kwani itang'ata?"

Nikamwambia aliyeifunga hajaja. Akanitazama, akamtazama mke wangu, akachukua mkoba wake. Akiwa anavaa viatu mlangoni akasema, si kwa sauti kubwa lakini nisikie, kwamba kuna watu wakistaafu hustaafu miguu tu.

Mlango ukafungwa, mke wangu akanigeukia.

"Baba watoto," akasema, "hapa si kiwandani."

Nikamjibu kwamba karatasi nyekundu ni karatasi nyekundu. Hivyo ndivyo walivyonifundisha wao, na mshahara walinilipa kwa kulishika hilo.

Ikawa kila alasiri anakaa kwenye kiti chake mbele ya kioo kilichozimwa. Mwanzoni aliniambia anaona kivuli chake mle. Baadaye akawa ananiuliza kwa nini sijafungua dirisha, na dirisha liko wazi, jua limejaa chumbani.

Mtaalamu alifika mvua zilipoanza, na kifuko cha vitu mkononi. Nikamwonyesha karatasi, nikasogea nyuma kwa heshima ili aifungue. Akaikwanyua kwa vidole viwili.

"Hii? Hii tuliwawekea wapakiaji, mzee, wasiuvute waya kwenye gari. Mngeitupa siku ile ile."

Chai niliyommiminia haijapoa, kila kitu kinafanya kazi. Uso wa binti yangu ukakijaza kioo kizima, na mtoto yuko mapajani, jino la kwanza limechomoza. Mke wangu akageuza sikio.

"Mama, unaniona?"

"Nakusikia, mwanangu."

Akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akakifikia kioo, na kiganja chake kikabahatika kutua kwenye shavu la mtoto. "Ana joto," akasema. Kioo kilikuwa kimepata moto. Hakuna aliyemsahihisha.

Hakukaa sana baada ya hapo. Daktari aliandika moyo. Bwana Suti alikuja msibani na koti lake, akaliona sanduku, akanisifu kwamba nalitunza vizuri.

FUNZO

Ndugu zangu, mkitaka kompyuta ya nyumbani, msianze na mataa wala ukubwa. Anzeni na mtu atakayekaa mbele yake. Muulizeni ataitumia kwa kazi gani, jicho lake linaona kiasi gani, mkono wake unaweza nini. Kisha tazameni sauti imo, kamera imo, intaneti inaingia. Vikiwemo hivyo, ya kawaida inatosha; msikubali kuchekwa mkaiacha.

Nanyi mnaokalia viti, mkimchagulia mtu bila kumsikiliza, mmejichagulia nyinyi picha ya kupiga. Na mkifunga karatasi yenu, mseme mnamfungia nani. Wako watu mliowafundisha kutoigusa, wakafundishika.

Ile karatasi ninayo. Kiti chake sijakisogeza. Binti yangu huniita kwenye kioo kila Jumapili, na Jumapili moja, mtoto akiwa amelala begani mwake, aliniuliza jambo. Nilimwambia swali hilo si langu, ni la ofisi. Nikalipeleka getini, mlinzi akasema atalifikisha. Mpaka leo kimya. Aliniuliza hivi: "Baba, siku zote zile, ulikuwa unamwogopa nani?"