Dirisha la Chumba cha Pasi

Ukizaliwa kwa dobi, sahau kulala mpaka jua likuchome. Jumamosi ile, jogoo hajamaliza kelele zake, Mama alikuwa ameshaloweka nguo uani. Baba alikuwa akikung'uta majivu ya jana kwenye pasi za mkaa, naye Bibi, mama yake Baba, alikuwa anakunja mashuka huku akiilaumu miguu yake. Binti wa nyumba hiyo, mwenye miaka kumi na miwili, mtaa mzima ulimwita Kasuku. Akisoma kitu mara moja, basi tena! Atakiimba kutwa mpaka masikio yawaume.

Jumatatu kulikuwa na jaribio la sayansi, kwa hiyo Kasuku alinyoosha leso na foronya huku midomo ikimwenda.

"Hewa huingia puani, hupita kooni, hufika kwenye mapafu. Mapafu huipa damu oksijeni. Moyo huisukuma damu mwilini kote, hadi kwenye ubongo. Mahitaji ya msingi ya uhai ni hewa, maji, chakula na joto."

"Mjukuu wangu," Bibi alimkatiza, "na hiyo oksijeni mapafu yanaitoa wapi?"

"Hewani, Bibi."

"Hewa ipi? Hii yetu ya humu chumbani?"

Kasuku aliipitisha pasi kwenye foronya. "Mwalimu hakusema ya wapi."

"Lo! Umekimeza kitabu pamoja na jalada lake!" Bibi alisema, na Baba akacheka mpaka akaiweka pasi chini.

Mchana mvua ilianguka, mvua ya upepo. Siku za kawaida jiko la kuwashia mkaa hukaa nje, na dirisha la chumba cha pasi huwa wazi. Lakini siku hiyo mezani kulikuwa na gauni nyeupe za manesi wa hospitali, nazo zilitakiwa jioni hiyo hiyo. Aliyewahi kushika pasi ya mkaa anajua adui wa dobi ni nani. Upepo ukipenya kwenye matundu ya pasi, majivu huruka, na nguo nyeupe hurudi kwenye beseni. Baba akaliingiza jiko ndani, akafunga mlango, akafunga dirisha, na upenyo wa chini ya mlango akauziba kwa tambara.

"Sasa upepo utatafuta kwingine," alisema, ameridhika kabisa.

Kazi ikaenda vizuri. Mkaa ulikuwa umekolea, hautoi moshi hata kidogo, na chumba kilikuwa na joto zuri. Mama peke yake alibaki uani, chini ya kibanda cha bati, akikamua nguo.

Baada ya muda Bibi aliweka shuka chini. "Kichwa kinanigonga, wanangu. Na moyo unanichafuka."

"Hata mimi kichwa kinaniuma," Kasuku alisema.

"Ni njaa hiyo," Baba alijibu, ingawa yeye pia alikuwa akijikanda paji la uso. "Tumalize gauni hizi tule. Mama, jinyooshe kidogo hapo karibu na jiko upate joto."

Bibi akajilaza mkekani. Kasuku akaendelea na kazi, lakini miguu yake ilikuwa mizito na shingo haikutaka kubeba kichwa. Alifurahi Baba alipomtuma mkaa kibandani.

Huko nje upepo wa mvua ulimpiga usoni. Alivuta pumzi, akavuta tena, na kichwa kikaanza kuwa chepesi.

"Mbona umesawijika hivyo?" Mama aliuliza.

"Kichwa, Mama. Sote kinatuuma. Baba anasema ni njaa."

"Njaa? Mbona mimi hakiniumi? Nami tangu asubuhi sijatia kitu tumboni zaidi ya chai."

Kasuku aliduwaa, ndoo ya mkaa mkononi. Wote walikuwa na njaa ileile. Waliokuwa ndani waliumwa, aliyekuwa nje hakuumwa. Ndani kulikuwa na nini ambacho nje hakikuwapo? Moto. Na nje kulikuwa na nini? Hewa. Hapo maneno aliyoyaimba tangu asubuhi yakamwingia akilini kwa mara ya kwanza. Akaibwaga ndoo, akakimbilia ndani.

"Bibi! Bibi, amka!"

Bibi aliguna tu, hakufungua macho. Kasuku alimtikisa bega na mkono wa Bibi ukaanguka mkekani kama kitambaa. Woga ukamshika. Akaruka hadi dirishani.

"Usifungue!" Baba alifoka. "Majivu! Unataka kuniharibia kazi?"

Kasuku hakuwahi kumkaidi baba yake hata siku moja. Lakini alilishika komeo.

"Baba, hewa imekwisha humu! Mama yuko nje na haumwi! Bibi haamki!"

Akafungua. Upepo ukaingia kwa kishindo, ukapita kwenye pasi na jiko, na majivu yakatanda juu ya zile gauni nyeupe pe. Baba alikuja juu kama moto wa kifuu, lakini hatua ya pili magoti yalimlegea, akaishika meza asianguke. Akamtazama mama yake pale mkekani. Hasira yote ikamtoka.

"Shika miguu, mwanangu," alisema. "Tumtoe nje haraka."

Mama alipiga ukelele, na jirani yao, fundi wa magari, akaja na gari lake. Hospitalini nesi mkuu hakuuliza mengi. Alimvisha Bibi kifuniko cha oksijeni puani na mdomoni, akakaa naye mpaka kifua kikaanza kupanda na kushuka vizuri. Kisha akawapima Baba na Kasuku, nao wakapewa oksijeni.

"Lakini hapakuwa na moshi," Baba alisema. "Mkaa ulikuwa umekolea."

"Hapo ndipo wengi wanapodanganyika," nesi alisema. "Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu. Haina rangi, haina harufu. Mtu akiivuta, sumu hiyo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Moyo unasukuma damu, lakini ubongo haupati unachohitaji. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, usingizi unakuja, na mtu anaweza asiamke."

Baba aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka bila kujificha. "Nimemlaza mama yangu mzazi kwenye sumu ili nguo zisiingie majivu. Na hata hizo gauni zenu, nesi, zimechafuka zote."

"Achana na gauni," nesi alisema kwa upole. "Binadamu anaweza kukaa majuma bila chakula, na siku chache bila maji. Bila hewa safi, ni dakika tu. Nguo ikiingia majivu, inarudi kwenye beseni. Mtu hana beseni la kumrudishia. Moto wa mkaa ukae nje, na mvua ikizidi, kazi isubiri."

Jioni Bibi alifumbua macho, akaangaza huku na huku. "Nani amenivisha mdomo wa bata?" aliuliza, na Mama akacheka na kulia kwa pamoja.

Kasuku alimsogelea baba yake. "Nisamehe, Baba. Nilikukaidi."

Baba alimvuta karibu, akamshika kichwani.

"Sikiliza, mwanangu. Kumheshimu mkubwa ni wajibu, lakini uhai haungojei ruhusa. Siku nyingine ukiniona nakosea hivi, hata nikufokee, niokoe kwanza. Adabu tutafundishana baadaye."

Wakakaa wote kando ya kitanda, wakimsikiliza Bibi akipumua.