Wa Tano Hakuwa na Jina

Nilikuwa nakwenda kuchuma matembele tu. Mboga ya jioni. Nilikuwa na beseni langu la bluu na mjukuu wangu Kabula alikuwa nyuma yangu, anaimba vya shuleni.

Haya, na unga wa mtama kidogo, nimeufunga kwenye pindo la kanga. Hilo nalo nalisema, maana safari hii sitaki kudanganya. Nilishadanganya vya kutosha.

Mtaa wetu, huku mwishoni mwa Ipuli, ulikuwa umegawanyika kwa sababu ya bembea. Wafadhili walituletea bembea nne, ubao wa kuteleza na vyuma vya kupandia, vikakaa ofisi ya serikali ya mtaa vimefungwa nailoni, watoto wanachungulia dirishani kama wanaangalia nyama. Swali likawa uwanja wa watoto ujengwe wapi. Wengi walitaka Kambini. Kambini ni kiwanja cha zamani, ambako misafara ya wapagazi ilikuwa inapumzika kabla ya kushika njia ya Ujiji. Ni tambarare, tena mbali na magari. Wachache tulitaka mbele ya mashine ya kusaga, ambako mafuso, yale malori makubwa, yanageuzia.

Ndiyo, mafuso. Na mimi nilikuwa mmoja wa hao wachache. Sababu yangu sikuisema mkutanoni. Nusu ya Kambini nilikuwa nimeilima matembele miaka kumi na moja, bila karatasi, bila kumuuliza mtu. Ndiyo yaliyomlea Kabula tangu mama yake, binti yangu Levina, aniachie akiwa na miaka miwili akaenda Kahama kuwapikia wachimbaji. Sasa ana sita.

Basi nikatunga.

Nilimvizia Theodora bombani. Huyu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na ukitaka jambo lifike Ntalikwa kabla ya adhuhuri, mwambie Theodora asimwambie mtu. Nikamnong'oneza kwamba bibi yangu alinisimulia habari za msafara uliopita hapa ukiwa na ugonjwa wa ndui. Watoto wanne walishindwa kutembea. Wakaachwa Kambini na chungu cha uji, wakaambiwa subirini hapa, tunarudi.

Bibi yangu hakunisimulia kitu. Bibi yangu alikuwa bubu.

Kufika alasiri hadithi ilinirudia mwenyewe, imeshanenepa, watoto wanalia, wanaomba maji. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikapaliwa na moshi. Lakini mwenyekiti wetu, Erasmus, ni mtu wa shule, akasema hawezi kuhamisha uwanja kwa maneno ya bombani. Nikaona nimpe cha kuona kwa macho.

Kwetu mtu akitaka kuwakumbuka wazee wake, hukoroga unga wa mtama na maji, akaumwaga chini mweupe, akawataja kwa majina. Huko ni kuwalisha. Wala hulishi wasio wako, kwa sababu ukishamlisha mtu aliyekufa, umemchukua, ni wa nyumba yako. Nililijua hilo tangu sijaota meno ya pili. Nikafikiri haliwahusu watu niliowatunga mwenyewe.

Kabula nikamwacha njiani na beseni. Nikaingia katikati ya kiwanja. Jua lilikuwa limeshazama, kumebaki wekundu mdogo upande wa Urambo. Nikakoroga kwa maji niliyobeba kwenye kopo, nikamwaga. Na kwa kuwa kazi ikifanywa ifanywe vizuri, nikawapa na majina.

"Mhoja. Ngollo. Tatu. Anifa. Kuleni."

Wadudu wakanyamaza.

Kwanza nilisikia harufu. Uji ulioungua... ule unaoshika chini ya chungu. Hakukuwa na jiko karibu. Kisha njuga. Ndogo, mbali, kama mtu anatembea na kuchoka, anatembea na kuchoka.

"Shikamoo, bibi."

Nyuma yangu. Sauti ya mtoto wa kiume. Nami, mdomo ulivyozoea, nikajibu kabla sijafikiri.

"Marahaba."

"Shikamoo, bibi." Mwingine.

"Marahaba..."

Mara ya tatu. Mara ya nne. Kila mmoja nikamwitikia, shingo imekakamaa, sigeuki. Nikasema moyoni, wanne, basi, wamekwisha.

Nikapiga hatua moja kuelekea njiani.

Halafu kitu kikashika pindo la kanga yangu, chini, usawa wa goti.

"Na mimi, bibi? Mimi hujanitaja."

Sauti ilikuwa ya kike, imekauka, kama ya mtu ambaye hajazungumza siku nyingi. Vidole vilipita kwenye ngozi ya mguu wangu. Vilikuwa na vipele.

Nikasahau majina yote ya duniani. Nilijua moja tu, lile ninaloliita kila magharibi. Nikaliita kwa nguvu zangu zote, kumwita mjukuu wangu tukimbie.

"Kabula!"

"Abee, bibi," akaitika Kabula kule njiani.

"Abee, bibi," akaitika wa gotini.

Sijui nilifikaje nyumbani. Beseni lilibaki huko.

Asubuhi mtaa mzima ulikuwa umeona ule unga. Hakuna aliyethubutu kuukanyaga. Theodora alisema ni dhahiri wenyewe wamekataa kusumbuliwa, na Erasmus, pamoja na shule yake yote, akaandika uwanja ujengwe mbele ya mashine. Nilikuwa nimeshinda. Matembele yangu yakabaki yangu.

Lakini nyumbani kwangu nikimwita Kabula, aliitika mara mbili. Mara moja kutoka alipo. Mara ya pili kutoka nje, nyuma ya choo, na kila siku, sauti hiyo ya pili ilikuwa karibu zaidi. Na mtoto mwenyewe akaanza kupungua. Sauti ilififia. Mwalimu wake alimwita kwenye daftari la mahudhurio, naye akakaa anamtazama tu, kana kwamba anaitwa mwingine.

Nikaenda kwa Mzee Issa, fundi wa bati wa mjini, ambaye babu yake alikuwa mnyapara wa wapagazi. Nikamweleza yote, yeye tu. Hakucheka. Aliweka nyundo chini.

"Bi Nyamizi, wewe hukutunga," alisema. "Waliachwa kweli. Ila walikuwa watano. Wa tano alikuwa binti aliyeokotwa njiani. Hakuna aliyejua jina lake."

Nikamuuliza nifanye nini.

"Jina umempa usiku, watu hawapo. Ukalidai mchana, watu wakiwepo. Simama mkutanoni, sema uliwaita kwa uongo, sema Kabula ni mmoja na ni wako. Usichelewe."

Rahisi kusema. Yeye ni mwanamume, tena fundi. Mimi ni kikongwe, macho yangu ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini, na mnajua huku kwetu macho mekundu ya bibi yanasomwaje. Upande wa Nzega nilikuwa na rafiki. Alikuwa na macho kama yangu. Walimkuta mlangoni kwake asubuhi, panga liko pembeni.

Mkutano ulipoitishwa nikasimama. Nikasema nimeota, nimeonyeshwa kwamba watoto wa Kambini hawana ubaya, wanataka tu wenzao wa kucheza nao. Nikasema uwanja urudishwe Kambini, na matembele yangu nitayang'oa mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Kina mama waliokuwa wanaogopa mafuso walinishika mikono. Nilisema moyoni, nimetoa shamba, wamepata bembea, labda inatosha.

Theodora akainua kidole.

"Mama Levina, nauliza tu. Ule unga nani alimwaga?"

Watu wote wakanigeukia. Vijana waliokuwa wameegemea pikipiki wakasimama wima. Kabula alikuwa ameketi miguuni pangu, ananitazama, midomo mikavu. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Moja tu.

"Sijui," nikasema.

Bembea zikasimikwa Kambini, palepale nilipong'oa matembele. Watoto walijaa. Kwa wiki tatu palikuwa na vicheko mpaka ungesema tumebarikiwa. Mimi peke yangu nilikuwa nakaa pembeni nahesabu. Bembea nne, mbili zina watoto, mbili hazina mtu, na bado zinakwenda, juu, chini, kwa mwendo mmoja na zile zenye watu.

Magharibi kila mama aliita mwanawe. Mimi sikuita. Nilikuwa nimejifunza. Nilikwenda mwenyewe, nikamshika Kabula wangu mkono, nikampapasa kovu la kidevuni alipoanguka akiwa mchanga, ndipo nikamrudisha nyumbani. Jina lake sikulitamka siku ishirini na moja.

Alhamisi ile maharage yalikuwa yanaungua. Nikasema nigeuze tu sufuria kisha niende. Theodora, kwa wema wake, naapa hakuwa na nia mbaya, akaniona nahangaika. Akapaza sauti juu ya ukuta, akielekea Kambini.

"Kabula! Bibi yako anakutaka!"

Mwiko uliniponyoka.

Nilitoka mbio, ila miguu yangu ni ya kizee. Kabla sijafika mlangoni, mtoto alikuwa ameshaingia. Gauni lile la shule. Ndala zilezile. Akanisalimia vizuri, akanawa mikono, akaketi mkekani. Nikamshika kidevu kwenye mwanga wa taa. Kovu lilikuwepo. Nikaanza kulia kwa furaha, nikampakulia ugali na maharage.

Akatia tonge mdomoni. Akalitema mkononi, taratibu, kwa adabu.

"Bibi," akasema, "mbona umetia chumvi?"

Nyinyi wa mjini labda hamjui. Chakula cha waliokufa hakitiwi chumvi.

Nilikaa nikimtazama. Naye alinitazama kwa subira, kama mtu aliyekwisha kusubiri sana, na kwake muda mwingine kidogo si kitu. Kisha nikainuka, nikampikia kingine. Akala akamaliza. Akaomba tena.

Tangu siku hiyo hakuna anayeitika mara mbili. Mtoto amenenepa, anajibu shuleni, mwalimu amemsifu. Mtaa unasema bembea zimemponya mjukuu wa Nyamizi. Mimi kila magharibi nakwenda Kambini watoto wakishaondoka, nakaa kwenye bembea ya mwisho na kipande cha ugali wenye chumvi mkononi, fungu la Kabula wangu. Naanza kulitaja jina... nanyamaza. Maana nikiliita, nitasikia miguu ikija mbio kutoka nyumbani kwangu.

Haya yote nimewaandikia ninyi msionijua. Wa mtaani sijawaambia.

Jana Levina amepiga simu. Amepata chumba kizuri Kahama, anakuja Jumamosi kumchukua mwanawe. Nikamwambia barabara mbaya, asubiri. Akacheka, akasema asubiri nini, mtoto si wake?

Atashuka stendi, atakuja mpaka uani na mizigo yake, na kama mama yeyote aliyekaa miaka minne hajamwona mwanawe, atamwita kabla hajaingia ndani.

Leo ni Ijumaa.