Gari Lisilotoa Moshi

Taa yenyewe ilikuwa ndogo, ya njano, yenye umbo la injini. Beatrisi aliizima mara tatu katika wiki moja, na mara tatu ilirudi.

Gari lilikuwa la Mzee Idarusi, stesheni wagoni nyeupe ya Kijapani, miongoni mwa yale magari yaliyokwishatumika ambayo yalianza kumiminika Tanga mara serikali ilipolegeza kamba za biashara. Mafundi wengi wa Ngamiani walikuwa wamezoea malori ya zamani na kabureta zake. Taa kama ile ikiwatatiza, waling'oa balbu, wakanawa mikono. Beatrisi hakuwa fundi wa namna hiyo. Alikuwa Msambaa wa Lushoto, Mlutheri wa kwenda kanisani kila Jumapili, fundi umeme aliyepunguzwa kazi kampuni ya mabasi ilipofungwa, akaanzisha gereji yake uani kwenye nyumba ya kupanga.

"Gari likisema linaumwa, usilizibe mdomo," alipenda kuwaambia wateja.

Jumanne ile, saa tano asubuhi, Mzee Idarusi alilirudisha kwa mara ya nne. Alishuka amechoka, akakaa kwenye tairi kuukuu. Beatrisi akafungua boneti, akaunganisha matundu mawili ya plagi ya kupimia makosa kwa kipande cha waya kama alivyofundishwa chuoni, kisha akainama dirishani kuisoma taa. Ikakonyeza mara mbili, ikanyamaza, ikakonyeza mara moja.

Mbili na moja, kosa lile lile. Ndani ya bomba la ekzosi mna sensa inayonusa moshi wa injini, na sensa ile ilikuwa inasema hainusi kitu. Lakini ilikuwa mpya, aliifunga mwenyewe Ijumaa. Nyaya zote alishazipima.

Akawasha injini, akaiacha ingurume robo saa nzima, kisha akazunguka nyuma, akachuchumaa na kuweka kiganja kwenye mdomo wa bomba.

Lilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Hapakuwa na moshi wala harufu ya petroli. Harufu iliyokuwapo ni ile ya chumba cha mgonjwa aliyelala siku nyingi, jasho la homa na shuka lisilofuliwa. Beatrisi akatoa kitambaa mfukoni, akakishika mbele ya bomba ili aone kitapepea vipi. Hakikupepea. Kilivutwa kikanata kwenye mdomo wa bomba, kikalegea kidogo, kikavutwa tena kwa nguvu, kikamponyoka vidoleni na kupotelea ndani.

Gari lilikuwa linavuta pumzi.

Alikwenda mbele upesi, akazima injini, akachomoa ufunguo. "Mzee, nani hupanda gari hili?"

"Mimi na mke wangu."

"Yeye hukaa wapi?"

"Nyuma. Anapenda kujilaza." Mzee Idarusi akatazama chini. "Mwanangu, Mwanamkasi hana hali. Toka gari hili lije pumzi zinamkatika. Wamempima kifua, hawaoni kitu."

Beatrisi akajipa moyo kwamba ni gesi, bomba limetoboka na gesi inaingia ndani. "Usimpakie tena humu. Yuko wapi sasa?"

"Si huyo hapo? Amelala. Nilitaka tukitoka hapa nimrudishe hospitali."

Beatrisi akageuka. Kwenye siti ya nyuma, chini ya kanga aliyodhani ni mzigo, alilala mwanamke mwembamba, midomo imemgeuka rangi ya zambarau. Akafungua mlango, akamshika kwapani, akavuta. Hakusogea. Mzee Idarusi akaja kumsaidia, wakavuta wote wawili mpaka miguu ikawateleza kwenye mchanga, lakini mwili ule uliobaki mifupa mitupu ulikuwa mzito kama injini ya lori.

"Mwanamkasi," mzee alinong'ona. "Mke wangu, nisikie."

Hapo Beatrisi akaiona taa. Ufunguo alikuwa nao mkononi, lakini taa ilikuwa inawaka na kufifia, inawaka na kufifia, na kila ilipowaka kifua cha yule mama kilididimia, na kila ilipofifia kilijaribu kuinuka, kidogo kuliko mara iliyotangulia. Akakimbilia mbele, akalegeza vifungo vya betri, akaing'oa na kuitupa chini, akarudi dirishani, akaikuta taa bado inawaka bila umeme wowote, njano ile ile, bila haraka, kama jicho la paka aliyeshiba.

"Nenda kamwite Bi Saleha," akasema, naye hakuamini kwamba maneno yale yametoka kinywani mwake.

Bi Saleha alikuwa mganga wa Kipemba, nyumba ya tatu kutoka pale. Alikuja na chetezo chenye makaa, ubani umefungwa kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. We ndiye fundi? Lasemaje?"

"Linasema halina moshi."

"Lasema kweli. Jini kaumbwa kwa moto usio na moshi." Akainama kumtazama Mwanamkasi, akatikisa kichwa. "Mie nitauliza, wewe uhesabu. Macho yangu hayaoni vitaa vidogo."

Akatia ubani kwenye makaa. Moshi ukapanda, kisha ukapinda wenyewe, ukaelekea kwenye bomba na kumezwa wote.

"Kabla ya huyu, umekula wangapi?"

Taa ikakonyeza, Beatrisi akahesabu. "Sita."

"Na huyu wamtaka?"

"Moja."

"Moja ni ndiyo. Utamwacha?"

"Mbili."

Kifua cha Mwanamkasi sasa kiliinuka kwa taabu, mara moja, kikakawia. Bi Saleha akasema polepole, "Na ukipewa pahali pengine?"

Taa ikazimika kabisa. Ua wote ukawa kimya, hata kuku wa jirani. Kisha ikawaka mara moja, ndefu.

"Geukeni ukutani," Bi Saleha akasema. "Fumbeni macho, baneni pumzi, msivute mpaka nipige kofi. Mkisikia lolote, msivute."

Beatrisi akabana pua na mdomo, akaanza Baba Yetu moyoni, akasikia chetezo kikikokotwa chini, akasikia kisomo cha Kiarabu kikienda kwa kasi, akasikia kitu kikitoka ndani ya bomba kama mkeka mrefu unaoburutwa, kikapita nyuma ya kisigino chake kwa ubaridi uliompanda hadi kisogoni, kikasimama, kikanusa shingo yake, na mapafu yalikuwa yanamwaka na nyota nyekundu zinamcheza machoni alipoisikia sauti ya mtu akigugumia, kama anayemeza tonge kubwa mno.

Kofi likalia.

Mwanamkasi alikuwa ameketi, anakohoa, anaomba maji. Taa imezimika. Beatrisi alipoirudisha betri na kuwasha gari, bomba lilitema wingu la moshi mchafu wa buluu, na Mzee Idarusi akalia kwa furaha kuuona.

Kesho yake Beatrisi alimpelekea Bi Saleha kilo mbili za sukari. Alimkuta peke yake barazani, ameegemea ukuta.

"Ishia hapo hapo, mwanangu," bibi alisema chini chini. "Nilimtoa garini. Alitaka pahali."

Beatrisi akaelewa, akaiweka sukari chini pale pale aliposimama. "Bi, kwa nini wewe?"

"Mie mzee. Pumzi zangu zimebaki kidogo, hatashiba. Ila siku yangu ikifika nisiwe na mtu karibu. Atakayekuwapo ndiye atakayempokea. Niahidi utawazuia."

Beatrisi akaahidi.

Miezi mitatu baadaye alikuwa Pangani, ameitwa kutengeneza jenereta, alipoletewa habari kwamba Bi Saleha amezidiwa. Aliacha spana chini, akadandia lori la nazi, akashuka Ngamiani na kukimbia hadi pale nyumbani. Mlangoni viatu vilikuwa vimerundikana. Kilio kilikwishaanza.

Mwanamkasi, mnene sasa na mwenye afya, akamlaki na kumkumbatia.

"Alikuwa na nani?" Beatrisi akamshika mabega. "Alipokata roho, nani alikuwa naye?"

"Usihuzunike, mwanangu, hakufa mpweke," Mwanamkasi alisema, akifuta machozi. "Tulikuwapo sote. Mtaa mzima, na watoto. Chumba kilijaa hata pa kuvutia pumzi hapakuwapo."