Mapacha Wawili, Kipimo Kimoja

Siku zangu zilianza kwa ndoo. Nilichota maji bombani, nikafagia uwanja, nikaosha vyombo vya jana, kisha nikakaa kwenye ngazi ya jikoni kama mtu anayefunga viatu. Viatu vilikuwa vimeshafungwa zamani. Nilikuwa natafuta pumzi tu.

"Chuma, umemaliza?" Mama aliuliza akiwa kwenye cherehani yake.

"Nimemaliza, Mama."

Aliniita Chuma kwa sababu sikulalamika. Pacha wangu, mvulana, nilimwita Yai, maana ndivyo alivyolelewa. Sote tulizaliwa na tundu kwenye moyo, tukapasuliwa wiki ileile tukiwa na miaka mitano, na kila mmoja ana kovu refu katikati ya kifua. Tofauti ilianza tulipotoka hospitali. Yai akikohoa, nyumba nzima ilisimama. Mimi nikikohoa, niliulizwa kama nimefunika maji.

Kliniki ya moyo je? Kwa miaka miwili alipelekwa Yai peke yake. "Waliugua pamoja, wakatibiwa pamoja," Mama aliwaambia majirani. "Mmoja akiwa mzima, wote wazima." Mimi nilibaki kumwangalia bibi, ambaye macho yake hayaoni vizuri. Na nisiseme uongo, nilipenda kusifiwa. Miezi ya karibuni nilikuwa nalala nimeegemea ukuta, kwa sababu nikijilaza chali pumzi ilikatika. Yai aliniona, nikamwapisha asimwambie mtu.

Siku moja Mama alirudi kutoka kliniki amenuna.

"Nesi amekataa kumpima mwenzako. Eti ana mafaili mawili, aletewe watoto wawili. Haya, kesho twende wote. Jirani atakaa na bibi."

Nesi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyerudia jambo lilelile tangu asubuhi.

"Unajisikiaje, binti?"

"Sijambo."

"Huyu hachoki kabisa," Mama akadakia. "Anafua mpaka mablanketi!"

"Mama, nimemuuliza yeye."

Nesi akainama, akashusha soksi yangu, akabonyeza mguu uliovimba kwa kidole gumba. Alipokiondoa kidole, shimo lilibaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Mama aliinama kulitazama.

Yai akaangua kilio. "Analala ameketi! Alinikataza nisiseme. Mimi ndiye napumzishwa, na yeye ndiye anachoka!"

Nilitamani kumfinya. Mama alijiketisha kwenye benchi taratibu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ulikuwa unanisifu," nikasema. "Nilidhani nikichoka utaacha."

Daktari alinipaka mafuta ya baridi kifuani, akautazama moyo wangu kwenye skrini kwa muda mrefu. Mlango mmoja wa moyo haukuwa unafunga sawasawa, na damu ilikuwa inarudi nyuma. Alisema kwa sasa dawa na mapumziko vingetosha, ila nirudi kila mwezi. "Mngechelewa mwaka mwingine," alimwambia Mama, "tungekuwa na mazungumzo mengine."

"Lakini walipasuliwa na daktari mmoja!" Mama akamlalamikia nesi tulipotoka.

"Daktari mmoja, uzi mmoja," nesi akajibu. "Kama miili ya wasichana na ya wavulana inapona tofauti baada ya upasuaji huu, wataalamu wanachunguza. Hilo tuwaachie wao. Lakini ninachokiona kwenye kabati langu la mafaili hakihitaji mtaalamu. Wavulana wanaletwa kwa tarehe. Wasichana wanaletwa wakiwa wamevimba."

Njia nzima Mama alinishika mkono, na mimi niliona aibu na raha kwa pamoja.

Siku hizi maji huchota Yai, nusu ya ndoo ikiishia njiani, na bibi humcheka kwa kusikia tu anavyomwaga. Baada ya miezi mitatu uvimbe uliisha, na nikaanza kulala chali kama watu wengine. Nesi alituita wote watatu kwenye chumba chake.

"Sikilizeni," alisema. "Kusema umechoka si uvivu wala utovu wa adabu. Ni taarifa, na daktari anaihitaji. Ukituficha, tutatibu nini? Na wewe Mama, umezaa watoto wawili na kila mmoja ana moyo wake. Huyu asipimwe kwa niaba ya yule."

"Nimesikia, dada yangu," Mama alisema, na macho yake yalikuwa mekundu.

Tulipokuwa tunapanda mlima kuelekea nyumbani, Mama alisimama akanigeukia.

"Tuendelee, au umechoka?"

Jibu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza.

"Nimechoka, Mama."

"Basi tukae," akasema. Akatandika kanga yake ukingoni mwa barabara, tukakaa.