Ghorofa ya Hamsini

Mwanaume aliyezoea kushinda juu ya jukwaa akipanga matofali, ukimlaza wiki sita na plasta mguuni, anageuka mtoto. Ndivyo alivyokuwa yule mwashi tuliyemwita Timazi. Alilalamikia mto, akalalamikia nzi, hadi mkewe, Mama Kitinda, akahamishia cherehani barazani ili apumue. Aliyeleta dawa ni kinyozi wa jirani, rafiki yake Timazi tangu ujana. Alimpa gemu ya mkononi, ile ya kukamata madubwana, kuwafuga na kuwapiganisha.

Nyumba ikapata utulivu. Kinyozi akawa anakuja mchana na gemu yake, wanaziunganisha kwa waya, wanacheka kama vijana. Waya ule ulikuwa na kazi yake: kikosi cha mmoja kiliingia kwenye Mnara wa Mapambano wa mwenzake, kikamsubiri huko juu. Mnara una ghorofa hamsini, na unaingia na madubwana watatu tu. Ukishinda pambano, wako walioanguka wanainuka, mnapanda. Ukishindwa, ukisalimu amri au ukizima katikati, kikosi chako kinafutika, ndiyo basi tena. Kile kilichokuwa kikikusubiri kikishindwa, huchukua siku kadhaa kuinuka.

Wachezaji nao wana mazoea yao. Dubwana unayempenda unampa jina la mtu unayempenda. Timazi aliwaita wake Shangazi, Shemeji na Kitinda. Kitinda ni binti yao wa miaka saba, aliyepatikana baada ya mimba tatu kuharibika. Walimpa jina hilo kwa kuwa daktari alishasema hakuna mwingine atakayekuja.

Jumatatu, saa tisa alasiri, Mama Kitinda alimsikia mumewe akiguna ndani.

"Shangazi kaanguka."

"Shangazi yupi?"

"Wa kwenye gemu, mke wangu. Wewe shona."

Hata uzi hajatia sindanoni, simu ikalia. Shangazi yake Timazi alikuwa ameanguka jikoni, hajitambui. Baada ya dakika chache ikalia tena: kaamka, anauliza nani kamwaga maji. Mama Kitinda akajiambia ni presha tu, watu wazima huanguka.

Jumatano mume akaguna tena. "Shemeji naye chali."

Safari hii Mama Kitinda hakungoja simu. Alimpigia kaka yake, anayefanya kazi ya kuoka mikate. Akapokea mtu mwingine, akasema mwenzao kalala juu ya magunia ya unga, wanamtikisa haamki. Mama Kitinda akabaki na simu sikioni, mpaka aliposikia sauti ya mumewe kutoka ndani: "Haya, tumeshinda." Papo hapo kaka yake akaongea kwenye simu, mzima kabisa. "Dada, vipi?"

Shaka ikishaingia moyoni haitoki kwa kufagiwa. Tangu saa ile alianza kumchunguza mumewe kama mtu anayekagua mshono wa fundi mwingine. Je, anajua? Au ndiye anayefanya? Mwisho akamweleza yote.

Timazi akacheka. "Usiniletee uchawi humu. Mimi mwashi, si mganga."

"Basi mbadilishe Kitinda jina."

"Mpaka nitoke mnarani."

"Si utoke."

"Nimebakiza ghorofa mbili," akasema, na hakumtazama usoni.

Ijumaa mchana Kitinda alikuwa uani akiruka kamba. Mama yake aliisikia ikipiga sakafu. Kisha akagundua kwamba chumbani kumenyamaza mno. Akaingia.

Timazi alikuwa ameketi kitandani, jasho linamtiririka. Ghorofa ya hamsini. Aliyemsubiri huko ni kikosi cha kinyozi. Shangazi chini. Shemeji chini. Amebaki Kitinda peke yake.

"Zima," mkewe akanong'ona.

"Nikizima tumeshindwa. Unajua maana yake."

Kumbe mumewe alijua. Siku zote alijua. Mama Kitinda alihisi chuki ambayo hajawahi kuihisi kwa mtu yeyote.

Kinyozi naye alibakiwa na dubwana mmoja. Dubwana huyo akajitokeza, mkubwa, anachechemea mguu mmoja. Chini yake pameandikwa jina: Timazi. Kinyozi ni mchezaji kama wengine, na alimpenda kweli rafiki yake.

Dubwana yule akamkwaruza Kitinda. Uani, kamba ikanyamaza.

"Mama," mtoto akaita. "Nasikia kizunguzungu."

Kwenye kioo kulikuwa na njia mbili. Piga. Salimu amri. Alama ilikuwa kwenye Piga. Kidole gumba cha Timazi kikainuka kwenye kitufe. Kikasogea. Alama ikashuka. Salimu amri.

Mama Kitinda akampokonya. Hakumtazama. Akapandisha alama, akabonyeza. Kioo kikajaa moto.

Kitu kizito kikaanguka kitandani. Kamba ikaanza tena kupiga sakafu.

Timazi alizinduka siku ya tatu, hospitali, ambako walitafuta ugonjwa wakaukosa. Shangazi na shemeji walikuwa wazima. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani alibonyeza?"

"Wewe mwenyewe," mkewe akasema. "Ulimwokoa mtoto."

Timazi akafumba macho. "Ndiyo," akasema. "Nakumbuka."

Kinyozi alipoambiwa alilia, na gemu zote mbili akazitumbukiza chooni kwa mkono wake. Timazi na mkewe bado wanaishi pamoja. Mke hamwachii mume mtoto, na mume hakubali kukaa chumba kimoja na mtoto huyo bila mtu mwingine.

Lakini lipo shati alilovaa siku ile. Kifuani lina alama mbili za kuungua, kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa: viganja viwili vidogo. Ngozi chini yake ilikutwa nzima. Mama Kitinda alilifua, hazikutoka. Akashonea kiraka, na asubuhi viganja vikawa juu ya kiraka. Siku hizi analificha chini ya vitambaa vya wateja, na kila Kitinda anapoongeza mwaka hulitoa akapima kwa utepe wake. Mwanzo vilikuwa inchi nne na nusu. Mwaka huu ni tano, sawasawa na vya mtoto.