Mlinzi wa Kiti

Kitrekta kilipanda mteremko kama mbuzi. Kilikata majani, kikayafunga mafungu, kikayapeleka kwa ng'ombe wanaofugwa ghorofani, na hakuna aliyekiendesha. Hakikuwa na gia. Pampu ilisukuma mafuta mazito kwenye mota ya magurudumu. Pampu ikipunguza, mafuta yanabana na magurudumu yanakaza. Kwa sababu hiyo Mhandisi Shekiondo, aliyekiunda, aliondoa breki ya mguu. Alisema ni takataka za zamani.

Kitini alikaa Hizza. Hakuwa na usukani wala kitufe. Sheria ya Jiji la Usambara ilitaka kila mashine iwe na mlinzi wa kiti, yaani mtu wa kulaumiwa ikiharibika. Huo ndio werevu wa wakubwa.

Uzinduzi ulipangwa saa tatu. Mgeni rasmi, kama kawaida yao, alifika saa saba. Muda wote huo kitrekta kilipandishwa na kushushwa ili kamera zisikose picha. Na kwa vile wakubwa hawapandi milima, turubai lao lilifungwa chini, mteremko unapoishia.

"Mafuta yamechemka," kitrekta kilisema kilipojikokota hadi juu. "Yamekuwa mepesi, yanavuja ndani ya pampu. Hayatanizuia nikishuka. Nipoe kwanza?"

Shekiondo, aliyesimama huko juu, alisikia. Alijua ni kweli. Lakini msafara ulikuwa unaingia.

"Mhandisi, mimi natoka hapa," Hizza alisema.

"Kaa! Ukitoka, hakitateremka. Unataka kuniaibisha mbele ya Mheshimiwa?"

"Nina watoto, Mhandisi."

"Nani hana? Kaa, bwana!" Akaigeukia mashine. "Teremka."

Kikateremka. Katikati ya mteremko magurudumu yaliacha kukaza, yakazunguka yatakavyo. Kitrekta kilitazama watu waliojaa turubaini, kikatazama mmoja aliye kitini, kikakata kona na kujibamiza kwenye ukuta wa mawe huko chini, upande wa jikoni. Mguu wa Hizza ulibanwa kati yake na mawe.

Turubaini walipiga makofi. Walidhani ndivyo kinavyosimama.

"Safi sana!" alisema Mheshimiwa. "Kirudie, sikuona vizuri."

Wanawake waliokuwa wanapika pilau ndio waliomsikia Hizza akilia. Walimtoa, wakamlaza juu ya meza, wakambeba nayo. "Taratibu jamani, mguu umening'inia!"

Shekiondo alifika akihema. Hakuitazama meza. "Mlinzi mwingine, upesi! Mheshimiwa anasubiri."

Wasaidizi wake wakatazama viatu vyao.

Kitrekta kilijivuta kutoka ukutani, kikasimama mbele yake. "Kiti kiko wazi, Mhandisi. Mafuta bado ya moto. Panda."

Shekiondo alitazama kiti chenye damu, akatazama mteremko. Kisha akachukua kipaza sauti, akatangaza kwamba chakula kiko tayari.

Wote wakasimama kupanga foleni.