Sahihi Mbili za Kifo cha Kipkemei

Fomu ya hospitali ilisema Kipkemei alikufa Jumatano saa nne asubuhi, ubongo wake ukiwa umezimika kabisa. Damu yake ilisema mengine.

Inspekta Wangare alisimama kando ya meza ya mochari akimsikiliza mwanapatholojia.

"Ajali ya lori ilimuumiza kichwa vibaya, hilo halina ubishi. Lakini damu imejaa dawa ya usingizi. Mtu mwenye kiasi hiki hapimwi kifo cha ubongo. Hata wewe nikikupa hii, hutapumua wala kupepesa jicho."

"Kwa hiyo walimtoa kwenye mashine ya kupumulia akiwa amelala?"

"Au akiwa amekufa. Siwezi kukuambia."

Aliyeripoti ni mjane, Jerotich. Alifika hospitalini Nakuru kutoka Olenguruone saa nane mchana, akakuta mgonjwa mwingine kwenye kitanda cha mumewe. Hakuna aliyempigia simu. Wangare alianzia hapo: nani alikitaka kile kitanda? Lakini mgonjwa huyo aligongwa Mai Mahiu saa nne unusu, Kipkemei akiwa ameshatolewa. Njia hiyo ikaishia hapo.

Akamgeukia Sundus, muuguzi wa zamu.

"Ulimpa dawa ya usingizi hadi saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Niliandika."

"Karatasi ya dawa haimo kwenye faili."

"Ilikuwemo, afande. Tena nilimwambia Daktari Nasrudin kwamba dawa bado iko mwilini. Akaniambia nishughulike na kazi yangu."

Huenda anasema kweli, Wangare aliwaza. Huenda anajiokoa.

Fomu ilikuwa na sahihi mbili: ya Nasrudin, mkuu wa wodi ya wagonjwa mahututi, na ya Salmin, daktari aliye chini yake. Wangare aliazima kanuni za kipimo, akazisoma mara mbili, kisha akawaita kituoni mmoja mmoja.

"Nieleze mnavyopima," alimwambia Salmin.

Kijana alieleza bila kusita. Kwanza hakikisha dawa zimeisha mwilini. Kisha macho, koo, kikohozi. Mwisho, kupumua: mgonjwa anapewa oksijeni, anaachishwa mashine, kifua kinatazamwa dakika nane hadi kumi, halafu damu inapimwa kabonidioksidi.

"Jumatano uliyaona haya?"

Salmin aliinama. "Sikuwepo. Daktari Nasrudin aliniambia amemaliza. Nikatia sahihi."

"Bila kuona?"

"Ni mwalimu wangu."

Nasrudin aliingia akitazama saa. "Inspekta, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Ndiyo maana nauliza. Kupumua mlikupima vipi?"

"Tulimtoa kwenye mashine, tukatazama. Hakupumua."

"Muda gani?"

"Dakika mbili. Tatu."

"Na kwenye damu mlipima nini?"

Daktari alirekebisha miwani. "Sukari. Chumvi."

Wangare hakumsahihisha. Alisukuma karatasi mezani. "Mwaka jana madaktari wote wa wodi yako walitahiniwa kipimo hiki. Kwenye matokeo yako, sahihi ya mtahini ni yako mwenyewe."

Nasrudin aliisukuma karatasi kando.

"Karatasi ya dawa iko wapi, daktari?"

"Nyumbani. Nilitaka kuichoma, nikashindwa."

"Uliichomoa lini?"

"Jumatano jioni. Maneno ya Sundus yalinikaa kichwani, nikafungua kanuni. Ndipo nikajua nilichofanya."

"Hukuzisoma kabla? Kwa nini ulikwepa mtihani?"

"Nilisomea udaktari kabla haya hayajaanza kufundishwa. Miaka ishirini na mbili hawa vijana wananiita mwalimu. Ningesimama mbele ya sanamu ya mpira ya kufanyia mtihani, nikosee, Salmin akinitazama? Nilijipasisha. Nilidhani nitajifunza polepole, na hakuna atakayejua."

"Ungemuuliza yeye."

"Ningemuuliza." Alivua miwani, akaiweka mezani. "Angenieleza kwa dakika tano."

Wangare alimwita konstebo amchukulie maelezo. Salmin naye alirudishwa ndani kuandikisha yake. Sahihi yake ilikuwa na hesabu yake.

Jerotich alikuwa ameketi kwenye benchi la nje. Wangare aliketi karibu naye, akamweleza yote, taratibu, bila kuficha neno. Mama yule alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo Kipkemei alikuwa bado hai?"

"Sijui, mama. Wangengoja, tungejua."

Jerotich alijifunga leso upya na kuuliza ni lini ataruhusiwa kumpeleka nyumbani.